Nikikana mahakamani, si nitakuwa nimesema uongo?

Shikamoo Wakili,

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi mjini, nina mke na watoto wawili, na usharikani kwetu mimi ni mzee wa kanisa. Hilo la mwisho nalitaja kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi kuliko hata kesi yenyewe.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Old Moshi kwenye kipaimara cha binti wa kaka yangu. Tulianza saa moja jioni, ndafu ikakatwa, vinywaji vikazunguka, na mimi sikubaki nyuma. Ukinibana nitasema chupa sita za bia, zile za nusu lita. Niliacha saa saba usiku nikalala. Alfajiri niliamka kichwa kizito lakini akili zangu ninazo, maana nilikuwa na zamu ya kukusanya sadaka ibada ya kwanza. Wakati natoka, mjomba akaniletea glasi ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kuzimua. Nikainywa nimesimama, nikawasha gari, nikateremka na mke wangu na shangazi.

Tulipofika lami, kabla ya kuingia mjini, trafiki wakanisimamisha. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Sikuwa na mwendo kasi, sikugusa gari la mtu, taa zote nzima. Afande alipoinama dirishani akasikia harufu. Akanipa mashine nipulize. Mara ya kwanza akasema sijapuliza vizuri, mara ya pili papo hapo ikaleta namba: 0.41. Akaiandika kwenye karatasi, hivyo hivyo tu, 0.41, nikasaini. Niliomba nipelekwe hospitali nikapimwe damu, nikaambiwa kazi imeshakwisha.

Nilikaa kituoni mpaka saa kumi jioni ndipo nikaandikwa maelezo. Nilisaini bila kusoma, shida yangu ilikuwa kutoka. Rafiki yangu akatoa shilingi elfu hamsini "ya dhamana", risiti hatukupewa. Jumatatu ijayo natakiwa mahakamani.

Sasa kila mtu ana lake. Afande alinishauri nikubali kosa, nilipe faini, yaishe. Mjomba anasema nidai nina kisukari, eti kinachanganya mashine. Shemeji anamjua mtu "wa kulainisha faili". Mke wangu anasema niseme kila kitu, mpaka ile glasi ya mbege. Mimi najua nilikunywa. Nikisimama kizimbani nikakana, si nitakuwa nimeapa uongo? Na je, kweli kuna utetezi wowote kwa mtu kama mimi?

Mzee wa Kanisa, Moshi

*

Marahaba, mdogo wangu.

Kukana kosa si kusema uongo. Kudai kisukari ambacho huna, huo ndio uongo. Ukishika hilo, mengine yote nitakayokuambia yataeleweka.

Jumatatu hakimu hatakuuliza kama ulikunywa. Atakusomea hati ya mashtaka na kukuuliza kama unakubali kosa lililoandikwa humo, tena bila kiapo. Kiapo kinakuja baadaye sana, kama utachagua kujitetea kwa kiapo. Kosa lina vipande vyake, na kila kipande ni kazi ya Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, kukithibitisha pasipo kuacha shaka. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka itakapothibitika. Ukisema "nakana kosa" unachosema ni: thibitisheni. Kama mdomo wako unaona tabu kutamka "si kweli", tamka "sikubali kosa", hakimu ataandika vilevile.

Na hiyo "kubali yaishe" ya afande uiogope. Ukikubali, mwendesha mashtaka atasoma maelezo ya tukio, utaulizwa kama ni ya kweli, na ukiitikia yote unatiwa hatiani hapo hapo. Baada ya hapo mlango wa rufaa unabaki mwembamba: unaweza kulalamikia adhabu, si hatia. Kuna nafasi chache zilizowekwa katika shauri la Laurence Mpinga la mwaka 1983, kwa mfano kukubali kwako kama kulikuwa na utata, au ulikubali kwa kukosa kuelewa, au maelezo yenyewe hayafanyi kosa. Usipange maisha yako kwa kutegemea nafasi hizo. Tena mahakama haiishii kwenye faini peke yake, inaweza kugusa leseni yako, na wewe mwenye duka la saruji na nondo nadhani unaelewa maana yake. Sisemi hukumu itakuwa kali. Nasema usikubali kitu ambacho hujakisoma, na barua yako inaonyesha wazi hujakisoma.

Kwa hiyo kisome. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inatenganisha mambo mawili ambayo watu mtaani huyachanganya. Kuna kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari ipasavyo, na kuna kuendesha pombe mwilini ikiwa imezidi kiwango. La kwanza linathibitishwa kwa macho na masikio: gari liliyumba? ulipepesuka? ulimi ulikuwa mzito? Harufu peke yake inasema ulikunywa, haisemi umeshindwa gari. Kwako hapo ushahidi upo upande wako: umeteremka barabara ya Old Moshi yenye kona zake zote mpaka lami bila kugusa kitu, na una abiria wawili waliokuwa ndani. La pili ni suala la namba. Miligramu 80 za pombe kwenye mililita 100 za damu ndiyo mpaka kwa dereva wa gari binafsi. Hapo hata ungeendesha kama malaika, namba ikizidi imezidi. Hati ikitaja kosa moja na mashahidi wakaja kuthibitisha jingine, wakili ana la kusema.

Sasa tuje kwenye ile 0.41, maana hapo ndipo barua yako iliponifanya nivue miwani nikaifuta.

Sifuri nukta arobaini na moja ya nini? Mtu akikuambia dukani "nipe mbili" humpimii mpaka aseme ni kilo au ni mifuko. Mashine hizi zinaweza kupangwa zionyeshe vipimo tofauti. Nyingine zinaonyesha miligramu za pombe katika lita moja ya pumzi. Nyingine zinageuza moja kwa moja kuwa gramu katika lita moja ya damu, na nyingine kuwa asilimia ya damu. Mgeuzo unaotumika sana ni kwamba lita moja ya damu hubeba pombe sawa na iliyomo kwenye lita 2,100 za pumzi. Chukua kalamu. Kama 0.41 ni miligramu kwa lita ya pumzi, zidisha kwa 2,100, unapata 861 kwa lita ya damu, yaani karibu miligramu 86 kwa mililita 100: umezidi, lakini kidogo sana. Kama ni gramu kwa lita ya damu, basi ni miligramu 41, nusu ya mpaka, na hakuna kosa la kiwango. Kama ni asilimia, ni miligramu 410, na mtu mwenye kiasi hicho kwa kawaida anapaswa kuwa amelazwa hospitalini, si kuwahi zamu ya sadaka. Karatasi moja, namba moja, majibu matatu. Shahidi wa Jamhuri ndiye anayepaswa kueleza ni jibu lipi. Usimsaidie, na usimpigie simu kabla ya kesi kumuuliza. Swali hilo lina mahali pake, nalo ni pale wakili wako atakapomhoji kizimbani.

Hata tukichukua kwamba ni lile la kwanza, 86 dhidi ya 80 ni pengo dogo, na katika pengo dogo utunzaji wa mashine una uzito. Lini mara ya mwisho ilihakikiwa, kumbukumbu iko wapi, aliyeitumia alifundishwa? Kwa nini jaribio la kwanza lilikataa, na kwa nini la pili lilifuata papo hapo? Haya yote yanaulizwa kwa adabu. Karatasi nayo ina safari yake mahakamani: lazima itolewe na mtu anayestahili kuitoa, upewe nafasi ya kuipinga, ipokelewe, kisha isomwe kwa sauti. Tangu shauri la Robinson Mwanjisi la mwaka 2003 Mahakama ya Rufani imelirudia hilo mara nyingi, na vielelezo vya maandishi ambavyo havikusomwa vimekuwa vikiondolewa kwenye kumbukumbu. Watu huyaita haya mambo madogo ya kiufundi. Mimi siyaiti hivyo, maana bila hayo karatasi yoyote yenye saini yako ingetosha kukufunga.

Glasi ya mjomba sasa. Kitaalamu iko hivi: mashine inakusudia kupima pombe inayotoka kwenye damu kupitia mapafu. Ukiwa umetoka kunywa, mabaki ya pombe yaliyobaki mdomoni yanaweza kuipandisha namba juu ya hali halisi, ndiyo maana utaratibu mzuri wa upimaji hutaka mpimwaji akae dakika 15 au 20 chini ya uangalizi, bila kunywa wala kutapika, ndipo apulize. Hukuandika kuteremka kulichukua dakika ngapi wala kama kuna aliyesubiri baada ya kukusimamisha. Kaa na mke wako mkumbuke, kila mmoja kivyake kwanza, ndipo mlinganishe.

Lakini utetezi huu una makali pande zote mbili. Ili uutumie kutoka kinywani mwako itabidi uape na kusema: Mheshimiwa, nilikunywa mbege nimesimama, nikashika usukani. Hakimu atasikia hoja ya mabaki ya mdomoni, na atasikia pia mtu aliyezimua kisha akabeba mkewe na shangazi yake. Ndiyo maana ningependa hoja ya kusubiri ijengwe kwa maswali kwa shahidi: ulimsubirisha? ulimuuliza amekunywa nini na saa ngapi? Mke wako yuko sahihi kwamba ukiapa useme kweli yote, mbege ikiwemo. Ila hulazimiki kuapa. Jamhuri ikishamaliza mashahidi wake, hakimu anaamua kwanza kama una kesi ya kujibu. Akiona huna, unaachiwa bila kusema neno. Akiona unayo, bado unaweza kuchagua kunyamaza. Uamuzi huo utaufanya siku hiyo na wakili wako, ukiwa umesikia kilichosemwa.

Kuna jambo sitalipamba. Chupa ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Mwili wa mtu mzima, kwa wastani, unachoma kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na usingizi, kahawa, mtori wa asubuhi au maji ya baridi haviongezi kasi. Sita kwa ishirini ni gramu 120. Ulipoanza ni saa moja jioni, ulipopimwa ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hata ukijihesabia vizuri kabisa, pombe ilikuwa bado ipo mwilini, kabla hatujaongeza glasi ya mbege. Ipo kiasi gani, juu au chini ya 80, hesabu ya kwenye meza yangu haiwezi kusema. Inategemea uzito wako, ulikula nini, ini lako. Hivyo usije ukasema mbele ya hakimu kwamba "pombe ilikuwa imeshaisha". Haikuwa imeisha. Wewe sema kile unachokijua, na uiache Jamhuri ithibitishe kile inachodai.

Kisukari cha mjomba kina asili yake, sikatai. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imempanda vibaya anaweza kutoa asetoni kwenye pumzi, na mashine za aina ya zamani zinaweza kuidhania pombe. Ila mgonjwa huyo ana kadi ya kliniki, ana dawa, ana daktari wa kuitwa. Wewe una nini? Utaulizwa unatibiwa wapi, Mawenzi au KCMC, na tangu lini, halafu utafanya nini? Ukishakamatwa kwa uongo mmoja, hata hoja yako nzuri ya 0.41 itanuka.

Na shemeji mwambie asante, abaki na mtu wake. Chini ya sheria ya rushwa ya mwaka 2007 anayetoa ana kosa kama anayepokea. Leo una kesi ya barabarani. Usijitafutie ya pili ambayo ni nzito kuliko hii.

Maelezo uliyosaini saa kumi jioni hayajakumaliza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa nne za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, muda wa kumsafirisha hauhesabiwi, na wakitaka zaidi kuna utaratibu wa kuongeza. Kati ya kusimamishwa kwako na kuandikwa kwako ni saa tisa na nusu. Je, muda uliongezwa? Nani aliuongeza? Ulionywa kwamba hulazimiki kusema chochote? Uliambiwa unaweza kumwita ndugu au wakili? Ulisomewa ulichosaini? Pingamizi la haya linatolewa pale pale maelezo yanapotaka kupokelewa kama kielelezo. Ukikaa kimya siku hiyo ukaja kukumbuka kwenye rufaa, umechelewa. Mahakama ina hiari ya kuyapokea hata kama utaratibu ulikiukwa, kwa hiyo usiliegemee hili peke yake.

Kutopelekwa kupimwa damu ni hoja ya kuitaja, si ya kushinda nayo. Hakimu anaweza kujiuliza kwa nini mtu aliyeomba kipimo cha uhakika alinyimwa. Kama ungepimwa, wakili angeuliza sampuli ilipita mikononi mwa nani mpaka ikamfikia mkemia, nani alifunga, nani alipokea. Kwa kuwa hakuna damu, Jamhuri imebaki na pumzi na harufu.

Kwenye usikilizwaji wa awali utasomewa maelezo ya tukio na kuulizwa yapi hubishani nayo. Hapa dhamiri yako ipumzike. Kubali kwamba gari ni lako, wewe ndiye uliyekuwa ukiendesha, siku ile, barabara ile, na kwamba ulisimamishwa. Kana kiwango, kana kwamba ulishindwa kulimudu gari. Hayo yataandikwa na utasaini, na safari hii usome kabla ya kusaini! Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, kwa hiyo huna kisingizio.

Ukitiwa hatiani hata baada ya hayo yote, utapewa nafasi ya kuomba nafuu ya adhabu: kosa la kwanza kama ni la kwanza, hakuna aliyeumia, watoto wanakutegemea. Kutoridhika kuna siku zake: taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya 45, Mahakama Kuu ipo hapo hapo Moshi.

Wakili mtafute wiki hii, si Jumapili usiku. Chama cha Mawakili Tanganyika kina wanachama wengi Moshi na Arusha, na kesi ya namna hii si ya gharama ya kuuza kiwanja. Kwa asiye na uwezo kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wasaidizi wa kisheria walio kwenye kata watakuelekeza vizuri, ila hawasimami mahakamani kwa niaba yako. Mpelekee wakili nakala ya karatasi ya 0.41 kama unayo, na maandishi ya mkono wako ya saa baada ya saa, kuanzia bia ya kwanza. Mfiche hakimu chochote ambacho sheria inakuruhusu kutokisema, lakini wakili wako usimfiche hata glasi ya mbege.

Ile elfu hamsini ya rafiki yako: dhamana ya polisi haina bei. Andikeni siku, saa na aliyepokea, na rafiki yako ndiye aamue kama atapiga 113, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Ningependa apige, ila asubiri azungumze na wakili kwanza, kwa sababu naye ametoa.

Kuhusu kanisa, mwambie mchungaji wako mwenyewe kabla habari hazijamfikia. Mweleze kwamba kuna kesi, na kwamba umeshauriwa usiizungumzie kwa undani mpaka iishe. Suala la zamu ya sadaka watalipanga wao.

Jumatatu uwe umefika saa mbili kasoro, na mdhamini wako ajue uko pale. Ukikosa kufika utatafutwa kwa hati ya kukamatwa na mdhamini wako ataitwa ajieleze. Kama wakili atakuwa hajapatikana, jina lako likiitwa simama, mwambie hakimu unaomba muda wa kumtafuta, na kama atataka ujibu shtaka siku hiyo hiyo, sema hukubali kosa, ukae.